Afande Tharsisi Ajifunza Kulegeza Mabega

Kwa miaka ishirini na miwili Tharsisi Nkunzimana alifundisha mgambo katika vijiji vya Kibondo. Ukitaka kujua alikuwa mwalimu wa namna gani, waangalie wanaume wa Kumsenga wakiwa kilabuni. Mtu amekunywa, amelegea, anasimulia uongo wake wa kila siku. Afande akipita tu barabarani, mgongo wa yule mtu unanyooka wenyewe na uongo unakatika katikati. Mimi ni mmoja wao. Nilipita mikononi mwake nikiwa kijana, na mpaka leo nikisikia kipenga cha refa uwanjani nashika vifungo vya shati kuangalia kama vimefungwa.

Alikuwa mtu mwema, hilo nalitanguliza kabla sijaanza kumcheka. Hakuwahi kumpiga kuruta wala kula cha mtu, na mkewe Theodosia hakuwahi kunyanyuliwa mkono. Tatizo lake lilikuwa kwamba mgambo alikuwa nao hadi nyumbani, na alipostaafu hakuuacha. Majembe yalisimama ukutani kwa mstari, marefu kulia, mafupi kushoto. Watoto wake wanne walikua hivyohivyo, wakipangwa kila asubuhi kabla ya shule na kukaguliwa kucha. Walipomaliza kuoa na kuolewa, paredi ya asubuhi ilibaki na mtu mmoja, naye ni Theodosia.

"Mama Elise!" Afande alikuwa akiita kutoka uani.

"Bee."

"Taarifa!"

Hapo mama wa watu alitoa taarifa: kuni zipo, maji yapo, muhogo umeanikwa, kuku mmoja haonekani.

"Vizuri. Endelea."

Na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya ndoa kwa siku nzima.

Theodosia ametokea Munanila, kule karibu na mpaka, na ni mtu wa maneno na vicheko. Miaka ya mwanzo alijaribu kupiga soga na mumewe kama wanawake wengine. Kila akianza hadithi, Afande alimuuliza, "Hitimisho ni nini?" Akachoka. Akaanza kuzungumza na mbuzi wake.

"We mbuzi," alikuwa akisema kwa sauti ya kufika barazani, "unajua kwamba chumvi imeisha tangu juzi? Hujui. Utajuaje, na wewe kazi yako ni kudai taarifa?"

Barazani mtu alikohoa, na kabla ya jua kuzama chumvi ilikuwa imepatikana. Mambo yakaenda hivyo kwa miaka. Habari za misiba, za wajukuu, za paa linalovuja, zote zilipitia kwa yule mbuzi. Sisi majirani tulimwita Katibu.

Mwaka juzi shingo ya Theodosia ikakakamaa. Haikugeuka kushoto wala kulia. Akitaka kukutazama ilimbidi ageuke mzima kama kabati linalohamishwa. Zahanati wakampa vidonge na mafuta ya kuchua. Aliporudi mara ya tatu, muuguzi aliweka kalamu chini akamuuliza, "Mama, nyumbani kukoje?"

"Nyumbani kuna nidhamu," Theodosia akajibu.

Muuguzi alimtazama kidogo, kisha akamwambia habari za Claudine.

Claudine ni binti wa Kasulu mjini. Wazazi wake walitoka Burundi zamani wakapata uraia, naye akasomea ustawi wa jamii. Alikuwa amefanya kazi na familia za Wakongomani katika kambi ya Nyarugusu, na huko aliona kwamba wapo watu ambao hata uwaulize namna gani hawawezi kusema kilichowakaa moyoni. Ila ukimpa mtu huyohuyo karatasi na rangi, au ukaanzisha wimbo, au ukamwambia asimame tu avute pumzi mbele ya mke wake, yale mambo yanaanza kutoka yenyewe. Sasa shirika lake dogo lilikuwa limemtuma kwetu afanye kazi hiyo na wanandoa, kila Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa kigango.

Katekista wetu, Reverien, alitangaza baada ya ibada: "Wanandoa wote mnaalikwa. Kutakuwa na mazoezi ya mwili, michoro na nyimbo, kwa ajili ya amani ya nyumba zenu."

Sisi wanaume tuliposikia michoro na nyimbo tulipigana viwiko. Tukajua ni chekechea. Theodosia yeye aliandikisha majina mawili, akarudi nyumbani kumpa habari mbuzi.

"Jumamosi kuna kikao cha usalama kigangoni," akamwambia. "Wazee wote wa maana watakuwepo."

Baadaye mke wangu Esperance alimlaumu kwa uongo ule. Theodosia akashangaa. "Uongo gani? Usalama wa nyumba si usalama?"

Basi Jumamosi ile Afande alipiga buti zake rangi, akabeba daftari, akakaa kiti cha mbele. Tulikuwa jozi kumi na moja za wanandoa, na mimi nilikuwepo kwa sababu Esperance alinishika mkono tangu mlangoni kwetu na hakuuachia mpaka tulipoketi. Claudine aliingia peku, akatusalimu kwa Kiha, kisha akasema, "Leo hatutaongea sana. Naomba tuvue viatu."

Afande akainua mkono. "Kwa amri ya nani?"

"Si amri, baba. Ni ombi."

"Ombi," Afande akarudia taratibu, kama mtu aliyepewa mboga asiyoijua. Hakuvua.

Tukagawiwa karatasi na kalamu za rangi, kila mtu achore nyumba yake na waliomo. Mimi nilichora kitu ambacho Esperance alidhani ni ng'ombe, kumbe ni yeye, lakini hayo ni ya kwetu. Afande alichora kwa kutumia ukingo wa daftari kama rula. Nyumba, jiko, choo, ghala, uzio, na katikati ya uwanja mlingoti wa bendera.

"Baba, kwenu kuna mlingoti?" Claudine akamuuliza.

"Upo kwenye mpango."

"Na watu wako wapi?"

"Kazini."

Claudine akamshukuru, akahamia kwa Theodosia. Yeye alikuwa amechora jiko lenye moto, kuku wawili, na mbuzi mkubwa kuliko nyumba. Kando ya moto kulikuwa na mwanamke amekaa. Na mlangoni, bila mtu juu yake, zilikuwepo buti mbili nyeusi.

"Mama, Baba Elise yuko wapi hapa?"

"Ndiye huyo."

"Hizi buti?"

"Ee. Akija, buti zinasikika. Akiondoka, buti zinasikika. Mwenyewe wa kuvaa sijamwona siku nyingi."

Alilisema huku anatabasamu, na sisi tukaangua kicheko, mimi wa kwanza. Lakini yeye alitaka kumtazama mumewe kuona amelipokeaje, na shingo ikakataa. Akajaribu tena. Ikakataa. Akawa amekaa pale anaangalia ukuta, machozi yanamtoka na tabasamu bado liko mdomoni, halina pa kwenda. Kicheko chetu kikafa kimoja kimoja.

Afande alifunga daftari. "Nimeelewa," akasema, akasimama na kutoka. Tukamsikia hatua kwa hatua hadi barabarani, na kila mtu ndani alijua tunasikiliza nini.

Wiki ile pale kwao hakuna aliyedai taarifa. Theodosia alimsimulia Esperance kwamba siku ya pili Afande alizitazama zile buti kwa muda mrefu, akazisukuma chini ya kitanda, akaanza kutembea kwa kandambili. Kwa kuwa hakuna aliyemzoea akiwa hana kishindo, alimtokea mkewe jikoni kwa nyuma, naye kwa hofu akaachia sufuria yote ya maharage.

"Yoo! Tangu lini unanyatia watu?"

"Ulisema buti zinasikika," Afande akajibu, akainama kuokota maharage. Waliyaokota pamoja, na jioni waliyala na mchanga wake.

Kigangoni hakurudi, na sisi wengine tulipoona Afande harudi tukapata kisingizio. Mimi nilisema naenda kuangalia shamba, ambalo halikuwa na kitu isipokuwa mabua. Jumamosi ya tatu walikwenda wanawake watupu. Claudine aliwaambia wazi kwamba hawezi kufundisha ndoa za upande mmoja, na hali ikiendelea hivyo shirika litahamishia kazi kata nyingine. Reverien akaenda kumweleza Afande, nadhani kwa kulalamika tu.

Afande aliuliza swali moja. "Wangapi hawakufika?"

"Kumi na mmoja, pamoja na wewe."

"Mimi niondoe, mimi najishughulikia mwenyewe. Kumi. Na hao kumi ni nani aliwafundisha mgambo?"

"Ni wewe, Afande."

"Basi ni watoro wangu," akasema. Jambo hilo lilimuuma kuliko mchoro.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa gulioni, wengine kwenye nyama, wengine kwenye kahawa, tukisikia raha ya mtu aliyeponyoka. Kipenga kikalia mara moja, kirefu. Naapa sikuamua kusimama. Nilijikuta nimesimama, kikombe mkononi.

"Mistari miwili! Jipange! Kuelekea kigangoni, mbele tembea!"

Tukatembea. Mwanamke mmoja muuza dagaa, mgeni wa kutoka Kakonko, aliuliza kama nchi imevamiwa. Vijana wawili ambao hata hawajaoa waliingia kwenye mstari kwa mazoea tu, wakafika nasi hadi mlangoni ndipo mmoja akakumbuka kwamba yeye hana mke.

Ndani, Claudine alitupanga kila mmoja mbele ya mwenzake. Akasema kwa sauti yake ya upole, "Tulegeze mabega. Tuvute pumzi mpaka tumboni. Tusiwe na haraka." Nasi tukasimama kama nguzo za uzio, kila mwanaume anatazama juu ya kichwa cha mkewe.

Afande alikuwa mlangoni, mikono nyuma. Akavumilia kidogo, kisha akashindwa. "Binti, unataka wafanye nini hasa?"

"Nataka walegeze mabega, baba. Wapumue. Halafu watazamane."

"Hayo tu?" Akapiga hatua mbele. "Sikilizeni kwa makini! Mabega... legeza!"

Mabega ya wanaume kumi yakashuka kwa pamoja.

"Pumzi... vuta! Shika hapo. Wewe Niyongabo huko mwisho, tumbo, si kifua! Toa! Mtazame mkeo, sasa!"

Nikamtazama Esperance. Sikumbuki kama nimewahi kumtazama muda mrefu namna ile tangu siku ya harusi, na siku ya harusi nilikuwa na viatu vya kuazima vinavyobana. Juu ya nyusi yake niliona kovu dogo.

"Hili ulilipata wapi?" nikamnong'oneza.

"Ulinifungulia dirisha usoni mwaka tuliojenga. Ukaomba radhi umenipa mgongo, unapigilia msumari."

"Hakuna kuongea safuni!" Afande akafoka.

"Waache waongee, baba," Claudine akasema, anajizuia kucheka. "Ndicho tulichokuja kufanya."

"Ongeeni!" Afande akaamuru. Ukumbi mzima ukaanza kuongea.

Alikuwa amefurahi. Alipita katikati yetu akinyoosha huyu, akimlegeza yule, na kwa kweli kazi ilikuwa inakwenda. Ila nilipogeuza macho nilimwona Theodosia amesimama peke yake mahali alipopangwa, mikono inaning'inia, hana anayemtazama. Claudine alikuwa amemwona kabla yangu.

"Afande," akamwita. "Kila mtu ana mwenzake. Wa mama huyu yuko wapi?"

"Nipo. Naongoza."

"Na wewe nani anakuongoza?"

Afande akatazama huku na huku kama anamtafuta mkubwa wake wa kazi. Hakuwepo. Akasogea polepole, akasimama mbele ya mkewe, visigino pamoja, kidevu juu.

"Mama, leo endesha wewe," Claudine akasema.

Theodosia alifikiri kidogo. "Mguu sawa," akasema.

"Nimeshasimama mguu sawa."

"Sikukuuliza."

Hapo tuliacha ya kwetu, tukawatazama wao. Theodosia alimzunguka mumewe taratibu, akalazimika kugeuka mzima kila hatua kwa ajili ya ile shingo. Akakagua kola. Akakagua masikio. Akasema, "Kucha," na Afande akanyoosha mikono yote miwili mbele, nasi tukavunjika mbavu. Hata Reverien aliyekuwa dirishani alishika ukuta. Kisha Theodosia akarudi mbele yake.

"Taarifa."

Afande akavuta hewa. "Kuni zipo, maji yapo..."

"Sikuuliza kuni. Taarifa yako wewe."

Tulisubiri, na kicheko kikapungua tena kama siku ile ya mchoro.

"Sijui," akasema.

Watu wakatazamana. Neno hilo hakuna aliyewahi kulisikia kutoka kwake. Katika mgambo kuruta akisema sijui alikimbia uwanja mara tatu.

"Sijui inatolewaje, Mama Elise. Hakuna aliyenifundisha."

Theodosia hakucheka. Aliinua mikono, akamwekea viganja juu ya mabega, akamwambia chinichini, "Legeza." Bega la kushoto lilishuka mapema. La kulia lilichelewa sana, tukawa tunalisubiri kama mlango uliovimba kwa mvua, mpaka lenyewe likaachia. Afande akatoa pumzi ndefu yenye mlio, na uso wake ukawa wa mtu mwingine, mzee zaidi na mdogo zaidi kwa wakati mmoja.

"Nachoka," akasema. "Nachoka kusimama hivi."

"Ninajua," Theodosia akajibu. "Nimekaa nayo shingoni."

Ningependa kuwaambia kwamba tangu siku ile Afande alikuwa mtu mpya. Hapana. Shingo ya Theodosia ilianza kugeuka vizuri wakati wa kuvuna maharage, na mwenyewe anasema nusu ya sifa ni ya mafuta ya zahanati. Majembe bado yanasimama kwa mstari. Taarifa ya asubuhi nayo ipo palepale, ila sasa wanapeana. Tunamsikia upande wetu wa uzio akianza kwa sauti ya paredi: "Goti la kulia linauma. Nina wasiwasi na mahindi. Nimemwota mama." Siku akiona uvivu na kusema hali shwari, Theodosia anamwambia, "Rudia," naye anarudia. Hadithi za Munanila bado zinamchosha, lakini amejifunza kuuliza, "Halafu?" badala ya hitimisho. Mbuzi amenenepa kwa kukosa kazi.

Claudine aliona jinsi wanaume wanavyomfuata Afande, akawaomba yeye na Theodosia wawe wanafuatana naye vijiji vingine. Walianzia Titye, kule Kasulu, na mambo yalikwenda kama kwetu: kipenga, kicheko, mabega. Afande akarudi akitembea kama aliyepandishwa cheo. Alituambia kwamba kazi hii ina kanuni, na kanuni ameshazielewa.

Safari ya pili ilikuwa Nyarugusu, kambini. Mimi sikuwepo, nasimulia nilivyosimuliwa na Theodosia, kwa kuwa Afande mwenyewe habari hii haisemi hovyo. Kibali kilipatikana, wakapokelewa na Polycarpe, Mkongomani anayefanya kazi na Claudine, mwembamba, mwenye gitaa lililofungwa mgongoni kwa kitenge.

"Karibu Papa Afande, karibu Mama," akawaambia. "Bapapa na bamama biko banawangoja."

Katika kile kibanda kulikuwa na familia nane, wazazi na watoto wao. Afande aliwasalimu, akasimama katikati, akaweka kipenga mdomoni akapuliza.

"Mguu sawa!"

Hakuna aliyecheka. Baba mmoja aliwavuta watoto wake nyuma yake kwa mkono mmoja, bila kuangalia, kama mtu aliyefanya hivyo mara nyingi. Mwanamke aliyekuwa karibu na ukuta alichuchumaa akafunika kichwa. Na mzee mmoja mwenye mvi, taratibu kabisa, akainua mikono juu.

Polycarpe aliweka gitaa chini. "Papa, hapana," akasema. "Hapa hiyo sauti ilikuja na bunduki."

Theodosia anasema hajawahi kumwona mumewe vile. Kipenga kilimtoka mdomoni kikaning'inia kwenye kamba. Alimtazama yule mzee mwenye mikono juu, akamwendea, akaishika ile mikono akaishusha mwenyewe, mmoja mmoja, kwa uangalifu. Kisha akavua kile kipenga akampa Claudine, na yeye akaketi sakafuni, chini kuliko wote.

"Naombeni radhi," akawaambia. "Paredi ninayoijua mimi inaisha watu wakienda kula. Sikujua kwamba kuna waliopangwa mstari hawakurudi."

Claudine hakuharakisha kitu. Watu wakakaa, mmoja baada ya mwingine, na yule mwanamke wa ukutani akatolewa nje kidogo na mwenzake, akapata hewa, akarudi. Hapo ndipo Theodosia, bila kuagizwa, alipoanza kuimba. Ni wimbo wa kwao Munanila, wa wanawake wakiwa wanapura maharage, hauna maneno mengi. Anaimba na kuyumba. Akina mama wa Kikongo hawakuujua lakini mwendo waliujua, wakaanza kuyumba nao, na Polycarpe akaitafuta sauti ya wimbo kwenye nyuzi mpaka akaipata.

Theodosia akamnyanyua mumewe pale sakafuni.

"Mimi?" Afande akauliza.

"Wewe."

Ninyi hamjamwona Afande akicheza, kwa hiyo nitajitahidi. Alianza kwa mguu wa kushoto, kwa sababu paredi inaanza na wa kushoto. Alihesabu moja, mbili, moja, mbili, mdomo unaonekana kabisa. Magoti yalipanda juu yakashuka kwa nguvu, kama mtu aliyeingiwa na siafu kwenye suruali anayetaka isijulikane. Mtoto mmoja nyuma ya baba yake alichungulia, akatoa kicheko. Baba akamtazama mtoto, akamtazama Afande, naye akashindwa kujizuia.

Yule mzee mwenye mvi akainuka. "Hapana, hapana, Papa," akasema, akamshika Afande pande mbili za kiuno kama anayerekebisha mtungi kichwani. "Magoti inatosha. Kiuno! Kiuno haiendake jeshi!"

Walikaa mpaka adhuhuri. Hakuna aliyechora wala aliyesema habari nzito siku hiyo, ila Claudine aliandika kwenye daftari lake ukurasa mzima. Wakati wa kuaga yule mzee alimwambia Afande arudi, kwa sababu magoti yamemtii lakini kiuno bado ni kuruta.

Walipanda basi Kasulu mchana uleule, wakapata viti viwili upande wa dirisha. Kabla hawajatoka nje ya mji Theodosia alikuwa amelala, kichwa begani kwa mumewe. Barabara unaijua, vumbi na matuta. Afande hakusogea. Basi lilisimama watu wakashuka kununua mahindi ya kuchoma, hakusogea. Walipofika stendi ya Kibondo ikawa zamu yake kuinuka, akainuka, na mguu wa kulia ukamkataa. Akamwangukia konda, wakashuka wote wawili kwa pamoja bila kupenda.

Mimi nilikuwepo hapo stendi nasubiri mzigo wa mbegu. Watu wa bodaboda walikuwa wameshaanza kunong'onezana kwamba Afande leo kalewa.

"Umeumia?" Theodosia alimuuliza, usingizi bado uko machoni.

"Mguu umekufa ganzi. Tangu Kasulu."

"Na hukuniamsha?"

"Ulikuwa umepumzika vizuri."

Theodosia alimkalisha kwenye benchi la wauza tiketi, akachuchumaa mbele yake, akamkunja suruali hadi gotini na kuanza kumkanda mguu, pale pale, mbele ya stendi nzima, wakiwemo wanaume wasiopungua sita waliofundishwa mgambo na mtu huyo. Niliona masikio yake yanawaka kwa aibu. Akatutazama sote, mmoja mmoja, na tukasubiri kufukuzwa.

"Hapo juu kidogo, Mama Elise," akasema, akanyoosha mguu vizuri ili aufikie.